Ametolewa mtoto wa jicho lakini hatambui anachokiona: je, tumkataze kushika vitu?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 11, tuko kijijini Singida. Alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa anatofautisha mwanga na giza tu. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi na kupewa miwani. Hospitali wanasema macho yanaendelea vizuri. Ila nyumbani kuna mambo yananitia hofu. Anamkodolea macho paka na hasemi ni nini mpaka amshike. Jogoo akitembea anamtaja, jogoo huyo huyo akitulia chini ya mwembe anasema hamwoni. Akitafuta kikombe jikoni anafumba macho! Mjomba wake anasema anajifanya, na ameagiza tumkataze kushika vitu ili macho yazoee kazi. Je, upasuaji umeshindwa? Na hilo la kumkataza ni sawa?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na swali la mwisho kwa sababu halisubiri: msimkataze kushika vitu. Mkono wake ndio unaoyafundisha macho yake kwa sasa, na mkiuzuia mtamchelewesha. Upasuaji haujashindwa. Paka, jogoo na kikombe, hayo yote ndiyo ninayotarajia kusikia kuhusu mtoto aliyeanza kuona akiwa na miaka 11, na natamani kila familia ingeelezwa hivyo kabla ya kutoka wodini.

Jicho lenyewe linafanya kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lenzi inakusanya mwanga, retina iliyo nyuma ya jicho inaupokea, na mshipa wa fahamu unapeleka taarifa kwenye ubongo, huko kisogoni. Kinachofika ni mabaka: hapa peupe, hapa peusi, mstari huu umelala, ule umesimama. Hakuna baka linalojitambulisha kuwa ni kikombe, wala hakuna alama inayoonyesha kikombe kinaishia wapi na meza inaanzia wapi. Wewe na mimi tunaona vitu viwili papo hapo kwa sababu tulijifunza tukiwa wachanga, wakati kila kilichokuwa karibu tulikikamata, tukakigeuza na kukitia mdomoni. Kazi hiyo hatuikumbuki, ndiyo maana tunadhani kuona kunakuja kwenyewe. Ukisikia watu wawili wanazungumza Kichina redioni, masikio yako ni mazima na sauti zote zinaingia, lakini huwezi hata kusema neno moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Kijana wako yuko katika hali hiyo kwa macho. Hajifanyi, na tafadhali neno hilo lisirudiwe mbele yake.

Suala hili liliulizwa zamani. Mwaka 1688 William Molyneux, msomi wa Dublin, Ireland, ambaye mke wake alikuwa amepofuka, alimwandikia mwanafalsafa wa Uingereza John Locke. Alisema: tuchukulie mtu aliyezaliwa kipofu, anayejua kwa mikono yake tofauti ya tufe na mchemraba. Akipata kuona leo, atavitofautisha kwa kutazama tu, bila kugusa? Wote wawili waliamini hataweza, lakini hawakuwa na mgonjwa wa kumpima.

Mwaka 1728 mpasuaji wa London, William Cheselden, alichapisha taarifa ya mvulana wa miaka 13 hivi aliyemtoa mtoto wa jicho. Mwanzoni mvulana huyo alihisi kila anachokiona kinayagusa macho yake, kama vile vitu vinavyogusa ngozi. Alikuwa akisahau yupi paka na yupi mbwa, na aliona haya kuuliza kila mara. Siku moja akamkamata paka, akampapasa huku akimkazia macho, halafu akamwachia akimwambia kwamba siku nyingine atamtambua. Kijana wako anafanya hilo hilo karibu miaka 300 baadaye, na hakuna aliyemfundisha. Picha za kuchorwa zilimchukua yule mvulana kama miezi miwili kuzielewa. Alipogundua kwamba yale mabaka ya rangi ni sura za watu, alizigusa akitarajia kukuta pua na mashavu yameinuka, akakuta bapa tupu. Akauliza ni kipi kinachomdanganya, kuona au kugusa. Kwa hiyo msianze na picha za vitabuni. Anzeni na vitu vyenyewe.

Ila anayetufundisha zaidi ni fundi viatu mmoja wa Uingereza, Sidney Bradford. Alipoteza uoni akiwa na miezi 10, na akapandikizwa konea, yaani utando mwangavu wa mbele ya jicho, akiwa na miaka 52, mwishoni mwa 1958 na mwanzoni mwa 1959. Wanasaikolojia Richard Gregory na Jean Wallace walimfuatilia kwa makini. Hospitalini aliitazama saa ya ukutani akasema ni saa ngapi, bila kufundishwa na mtu. Walishangaa mpaka alipowaonyesha saa yake mwenyewe: haikuwa na kioo, na kwa miaka alikuwa akijua wakati kwa kupapasa mishale yake. Herufi kubwa alizisoma kwa macho moja kwa moja, kwa kuwa shuleni alizijua kwa kugusa herufi zilizochongwa. Herufi ndogo hakuwahi kufundishwa kwa namna hiyo, na kwa macho pia hakuzijua. Walipomwambia achore basi, alichora magurudumu na sehemu nyingine alizozishika maishani. Uso wa basi, mahali ambapo kipofu anayepanda hana sababu ya kupapasa, haukuwepo kwenye mchoro, na mwaka mmoja baadaye ulikuwa bado haupo.

Kisha wakampeleka kwenye jumba la makumbusho ya sayansi London, kumwonyesha mashine ya kukerezea chuma. Alikuwa mpenzi wa zana tangu utotoni, na mashine ya aina hiyo alikuwa na hamu nayo siku nyingi. Ikiwa ndani ya kabati la kioo, hakuweza kusema lolote la maana juu yake. Wakafungua kabati. Akafumba macho, akaipapasa mashine kwa shauku kama dakika nzima, akarudi nyuma kidogo, akafumbua macho, akasema kwamba sasa, kwa kuwa ameigusa, anaiona. Naomba mjomba asomewe aya hii. Macho ya Bradford hayakubadilika ndani ya dakika ile. Kilichobadilika ni kwamba yale mabaka yalipata kitu cha kushikamana nacho: uzito, ubaridi wa chuma, mahali mkono unapopita na mahali unapokwama.

Kwa hiyo kijana wako anapofumba macho jikoni akitafuta kikombe, anafanya jambo la busara. Mabaka yote yale ya sufuria, mwiko, beseni na moshi yanamchanganya, anayazima, anatumia njia anayoiamini. Msimkemee. Akishakipata kikombe, mwambieni kwa upole: sasa fumbua macho, kitazame kikiwa mkononi mwako.

Swali la Molyneux lilipata jibu la kisayansi mwaka 2011, kupitia mradi ulioanzishwa nchini India na Pawan Sinha wa chuo cha MIT cha Marekani, unaoitwa Prakash, unaowatibu watoto waliozaliwa na upofu unaotibika na kuchunguza namna wanavyojifunza kuona. Watoto watano wa miaka 8 hadi 17 walipimwa ndani ya saa 48 baada ya upasuaji. Walipewa kitu chenye umbo fulani, kisha wakachagua kati ya viwili kipi ni kile cha mwanzo. Wakishika na kuchagua kwa kushika, walipatia asilimia 98. Wakitazama na kuchagua kwa kutazama, asilimia 92. Lakini waliposhika kwanza kisha wakatakiwa kuchagua kwa macho tu, walishuka hadi asilimia 58, karibu sawa na kubahatisha. Angalia hiyo 92: macho yao yaliona tofauti ya maumbo vizuri kabisa. Walichokosa ni daraja kati ya jicho na mkono. Na daraja hilo lilianza kujengeka haraka. Waliopimwa tena baadaye walikuwa wamepanda sana, mmoja wao baada ya siku 5 tu, wakiwa nyumbani kwao wakiishi maisha ya kawaida, bila mazoezi yoyote ya pekee.

Aliyeongoza jaribio hilo alikuwa Richard Held, na jina lake linanirudisha kwenye kazi aliyoifanya mwaka 1963 pamoja na Alan Hein, ambayo kwangu ndiyo jibu kamili zaidi la swali lako. Walilea paka wachanga gizani, kisha kwa saa 3 kwa siku wakawaweka wawili wawili ndani ya duara lenye kuta za mistari. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenzake alikaa kwenye kikapu kilichofungwa upande wa pili wa mti unaozunguka, akibebwa kila mwenzake anapokwenda. Macho ya wote wawili yaliona mistari ile ile, kwa muda ule ule. Mwishoni yule aliyetembea aliweza kunyoosha miguu ya mbele akikaribishwa kwenye ukingo wa meza, na aliepuka upande wenye shimo. Aliyebebwa hakuweza. Alipoachiwa atembee mwenyewe mahali penye mwanga, baada ya saa 48 naye aliweza.

Yule wa kwenye kikapu alikuwa anatazama siku zote hizo, kama mjomba anavyotaka kijana atazame. Kilichokosekana ni hatua zake mwenyewe: nikigeuka, picha inabadilika hivi, nikisogea, kitu kinakua hivi, nikinyoosha mguu, nitagusa hapa. Macho hupata maana kwa mtu anayetenda na kuona tendo lake limezaa nini. Ndiyo maana sitaki kijana akae kwenye kigoda akionyeshwa vitu. Nataka avifuate, avishike, aviangushe, avitafute tena.

Sasa jogoo. Hili limenifurahisha kulisoma kwa sababu umeliona mwenyewe bila kuambiwa. Watafiti wa Prakash walikuta kwamba watu walioanza kuona kwa kuchelewa wakionyeshwa maumbo mawili yaliyopishana, yaliyotulia, wanahesabu vipande vingi kuliko vilivyopo. Kila kipande cha rangi au mwanga tofauti kwao ni kitu peke yake, hata kivuli. Jogoo aliyesimama chini ya mwembe ana mabaka ya jua na ya kivuli mgongoni, na nyuma yake kuna majani na udongo. Kwa kijana hapo pana vipande 20, hakuna jogoo. Jogoo akianza kutembea, vipande vyake vyote vinakwenda pamoja na majani yanabaki, na papo hapo jogoo anapatikana. Mwendo ndio unaomkusanyia vipande kuwa kitu kimoja. Utafiti ulionyesha pia kwamba baada ya miezi ya kuzoea, watu hao walianza kuvitambua hata vitu vilivyotulia. Kwa hiyo msaidieni kwa mwendo: asipokiona kitu, mwambieni atikise kichwa taratibu kulia na kushoto, au asogee hatua mbili, au akisogeze kitu chenyewe kwa mkono wake.

Nisikupe picha kwamba kila kitu kinaanza sifuri. Watoto tisa wa mradi huo huo, mara tu walipoanza kuona, walidanganywa na michoro ile ile ya mistari inayotudanganya sisi tuliozaliwa tunaona, ambapo mistari miwili iliyo sawa inaonekana mmoja mrefu kuliko mwingine. Yapo mambo ambayo ubongo wake ulikuwa nayo tayari. Kinachojengwa sasa ni kuunganisha.

Nyumbani fanyeni hivi. Kila siku chagueni vitu vichache anavyovijua kwa mkono: kikombe, ufunguo, mwiko, kiatu chake mwenyewe. Kiwekeni kimoja kwenye kitambaa cha rangi moja inayotofautiana nacho, kikombe cheupe kwenye kanga nyeusi kwa mfano, mahali penye mwanga wa kutosha usiompiga usoni. Kitenge chenye maua mengi msikitumie. Maua yatammezea kikombe. Akitazame kwanza, aseme anadhani ni nini na mkono utakuta nini: kina mpini? upande gani? Halafu akishike macho yakiwa wazi, akigeuze pole pole, auone mpini ukijificha na kurudi. Kukisia kwanza ndiko kuna faida kubwa, kwa sababu akikosea mkono unamrekebisha papo hapo na hakuna mtu wa kumcheka. Akichoka, acheni. Kuona kunamchosha kama kazi ya shamba, na akitaka kufumba macho apumzike, apumzike.

Kama anasoma maandishi ya nukta nundu, asiache, na shule isimwondolee kwa sababu tu "sasa anaona". Herufi za kawaida zikateni kwenye kadibodi nene au mchongeeni kwenye mbao, azijue kwa vidole, kisha azione zimeandikwa kwa kalamu nene nyeusi. Mnakumbuka herufi za Bradford. Kama ana fimbo nyeupe, pia abaki nayo nje ya nyumba kwa sasa. Kivuli cha ukuta njiani kinaweza kumsimamisha akidhani ni shimo, na shimo la kweli akaliona kama kivuli. Kizingiti na kingo za ngazi zipigeni chokaa au rangi nyeupe.

Miwani avae muda wote akiwa macho. Lenzi aliyowekewa haibadiliki kama ya kuzaliwa, ambayo hujirekebisha mtu anapotoka kutazama mbali na kutazama karibu. Kwa hiyo waulizeni kliniki kama miwani aliyopewa inamfaa kwa vitu vya mkononi, maana mtoto mwenye miwani ya mbali tu anaweza kuwa anatazama ukungu kila anaposhika kitu. Kwa watoto, utando unaweza kuota nyuma ya lenzi iliyopandikizwa na kuleta ukungu upya. Akianza kusema mwanga umepungua, au jicho likiwa jekundu, likiuma au likikataa mwanga, msisubiri tarehe ya kliniki.

Atafika wapi? Nitakwambia wazi. Kutakuwa na mipaka. Torsten Wiesel na David Hubel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho likifungwa katika miezi ya mwanzo ya maisha, seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza huacha kulijibu, hata likifunguliwa baadaye. Ndiyo maana ukali wa kuona wa kijana wako huenda usifikie wa watoto wengine hata kwa miwani bora, na macho yake yanaweza kuendelea kuchezacheza. Nyuso za watu zitamsumbua muda mrefu. Wapo waliotolewa mtoto wa jicho wakiwa na miezi michache tu ambao miaka mingi baadaye bado walikuwa dhaifu katika kutofautisha nyuso zinazokaribiana. Kwa hiyo mkifika karibu naye, semeni jina lenu. Msimjaribu kwa kusimama kimya mkiuliza "mimi nani?"

Lakini ipo habari ya mwanamke mmoja wa India aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka 12, karibu umri wa kijana wako. Kwa maelezo ya mama yake, ilimchukua miezi 6 kuwatambua ndugu zake kwa macho, na mwaka mzima kutaja vyombo vya nyumbani kwa kutazama tu. Alipopimwa miaka 20 baadaye, ukali wa macho yake ulikuwa 6/60, yaani anachokiona yeye kwa mita 6 wengine wanakiona kwa mita 60. Hata hivyo karibu kila jaribio la kutambua maumbo, vitu na nyuso alilimudu vizuri. Kwa macho hafifu namna hiyo alikuwa anaelewa anachokiona. Ninyi mko mwezi wa tatu.

Kitu kimoja ninachokiogopa kuliko vyote ni moyo wake. Bradford alikuwa kipofu mchangamfu, anayevuka barabara peke yake bila woga. Baada ya kuona, aliogopa magari, alikaa jioni bila kuwasha taa, akaingia kwenye huzuni nzito, akafariki mwaka 1960. Kabla ya upasuaji alisifiwa kama kipofu hodari. Baadaye akajikuta mtu anayeona vibaya. Kijana wako naye alikuwa na mambo anayoyaweza sana kwa giza lake: kutambua watu kwa hatua zao, kuchota maji, kujua shilingi kwa kidole. Yaendelee kusifiwa. Akianza kujitenga, kukataa kula au kukataa miwani, semeni kliniki mapema kama mnavyosema jicho likiuma.

Na la mwisho, dada. Mtoto wa jicho wa kuzaliwa wakati mwingine hutembea katika ukoo. Kama kuna mtoto mchanga katika familia yenu, mtazameni mboni kwenye mwanga, na hata kama hamwoni weupe wowote mpelekeni akapimwe. Akikutwa na mtoto wa jicho, msiambiwe na mtu msubiri akue: kwa mtoto mchanga tunahesabu wiki, na upasuaji ukifanyika katika miezi miwili au mitatu ya kwanza ubongo wake unapata nafasi ambayo kaka yake hakuipata.